Bibi wa Bando

Klipu ile imerudi kwangu wiki iliyopita, na aliyenirushia ni mama anayeniuzia dagaa sokoni, ambaye hajui kwamba simu iliyoirekodi niliishika mimi. Aliniandikia: Mama Latifa, yule bibi aliyekuwa akituchekesha amefariki huko Kishapu, pumzika bibi yetu. Mwishoni aliweka vijisura vya kulia na vya kucheka kwa pamoja, kama watu wanavyofanya siku hizi wasipojua waweke kipi. Nilikuwa napepeta mchele uani. Niliweka ungo chini, nikafuta mikono, nikaifungua. Kuna mtu ameipachikia wimbo wa maombolezo kwa chini, na mwingine ameandika jina lake mwenyewe juu ya picha ili ionekane imetoka kwake, lakini bibi ni yule yule, na kigoda ni kile kile, na nyuma yake kuna mlango wangu wa zamani wenye rangi ya kijani. Iliisha palepale inapoishaga. Nililia mpaka binti yangu akatoka ndani kuuliza kama nimeungua.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa sijaolewa. Nilikuwa na chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji Kalangalala, Geita mjini, na kibanda kimoja kando ya barabara nilikokuwa naingiza nyimbo na video kwenye memori kadi. Kazi ile imekufa, na vijana wa leo nikiwaeleza wananiangalia kama ninayesimulia habari za kusaga kwa jiwe. Lakini wakati ule bando lilikuwa ghali na machimboni mtandao ulikuwa wa kutafuta, mtu anapanda kichuguu na simu mkononi kama anayeomba mvua. Kwa hiyo wachimbaji wakija mjini walipita kwangu na memori zao, wengine wamezifunga kwenye kipande cha nailoni zisiingie vumbi, wananiambia, dada, jaza. Nawajazia nyimbo za Kisukuma, mahubiri, ngumi, vichekesho. Wakirudi kambini wanarushiana kwa blututi, na memori moja inalisha kambi nzima. Nikiwa nimekaa pale, nyuma ya kompyuta yenye feni inayokoroma, nilijifunza jambo ambalo waliosoma hulitafuta kwa makongamano: mtu harushi kitu kwa sababu ni cha kweli, wala kwa sababu kina faida. Anarusha kitakachomfanya yeye aonekane ndiye aliyeleta raha. Kilio anakiacha kwa mwenyewe. Nililijua hilo mapema, na kwa muda fulani nilijiona mjanja kwa kulijua.

Bibi Mbuke alikuja mwanzoni mwa kiangazi na kuchukua chumba cha pili kutoka changu. Alikuwa mdogo wa umbo, amefunga kitenge kifuani, meno yake yamebaki manne, na amebeba kigoda chake mwenyewe kutoka Kishapu kwa sababu, alisema, viti vya mjini vimetengenezwa na watu wasio na magoti. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza jina. Nikamwambia Zuhura. Akasema, "Zuhula, hapa kwenu mnakula nini kinachonuka hivi?" Nilikuwa nakaanga samaki. Tangu siku hiyo nilikuwa Zuhula, na kila nilichopika alikilalamikia na kila nilichopika alikila. Yeye alikuja na kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani, na akichemsha alinikaribisha na karanga. Tulikula nje, kwenye kibaraza chembamba kilichounganisha vyumba vyote, huku makarasha ya kusaga mawe yakinguruma upande wa pili wa mji toka asubuhi. Yeye aliyasikiliza sana. Aliniuliza kama watu wanaofanya kazi karibu na mashine zile huwa wanaweza kusikia wakiitwa.

Alikuwa anamtafuta mjukuu wake, Shija. Sitaeleza ukoo mzima, na yeye mwenyewe hakuwahi kunieleza, ila najua alimlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Shija alikwenda kuchimba dhahabu. Mwanzo alipiga simu, kisha akapiga mara moja moja, kisha namba ikawa haipatikani. Mtu mmoja aliyerudi kutoka machimbo ya upande wa Kharumwa alisema amemwona. Mwingine alisema huyo aliyeonekana si yeye. Bibi alikuwa amezunguka kambi kadhaa kwa miguu na kwa pikipiki za kuomba lifti, akiuliza kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia, akiambiwa wachimbaji hawaitani kwa majina ya nyumbani, wanaitana majina ya kambini, na hakuna anayemjua Shija. Ndipo mtu akamwambia aende Geita mjini kwa yule dada wa memori, maana anachoweka yeye kinafika kila shimo. Alinieleza haya yote akimenya karanga, bila kuniangalia. Mwisho akasema, "Nataka uniingize na mimi humo kwenye vikadi vyako."

Nilimwita Deo. Deo alikuwa mpiga picha za harusi, ana simu ya kupangusa nzuri kuliko za wenzake, mwembamba, msemaji, na anapenda kuonekana amechoka kwa kazi hata siku asiyo na kazi. Bibi alikuwa na picha moja ya Shija, amesimama studio mbele ya maporomoko ya maji ya kuchora, koti si lake, mikono ya koti imemeza vidole. Deo aliipiga picha ile picha, tukaandika juu yake ANATAFUTWA, na jina, na namba yangu. Tuliiweka kwenye magrupu yote tuliyokuwemo, na mimi nikaitia kwenye kila memori iliyopita mkononi mwangu, mtu ameomba au hajaomba. Watu waliandika poleni. Waliandika Mungu ni mwema atapatikana. Baada ya siku chache ilikuwa imezama chini ya matangazo ya viwanja na ya dawa za meno, wala hakuna aliyeitoa hapo kuipeleka mahali pengine. Niliwauliza wateja wangu kambini ilifikaje. Mmoja aliniambia ukweli, kwamba walipoiona waliiruka, kwa sababu kila mmoja wao kuna mahali anatafutwa.

Deo akasema picha haitoshi, tunahitaji sura ya bibi na machozi yake. Alimketisha kwenye kigoda, akarekebisha mwanga, akamwomba kwa heshima zote amlilie mjukuu wake kidogo, asione aibu. Bibi akamuuliza, kwani nani amekufa? Deo akasema hakuna aliyekufa, ni ili watu waone huruma, waguswe. Bibi akamwambia kwamba kwao mtu aliye hai halilwi, ukimlilia umemchimbia, na yeye hakutoka Kishapu kuja kumchimbia Shija. Kisha akaingia ndani akafunga mlango. Deo aliniambia huyu bibi ni mgumu. Nami nilikasirika, nikamwambia ugumu wake ndio uliomfikisha hapa, na wewe ulaini wako umekufikisha wapi. Hatukusemezana siku mbili tatu.

Jambo lenyewe lilitokea bila kupangwa. Ilikuwa adhuhuri, Bibi anasonga ugali wa mtama uani, wapangaji kadhaa wamekaa kivulini wakisubiri maji ya bomba, na Deo amekuja kurudisha waya wangu wa kuchajia. Mpangaji mmoja akamtania Bibi kwamba amehamia mjini kutafuta mume. Bibi hakugeuka. Akaanza kusema na Shija, kwa sauti kubwa, kama yupo pale nje ya uzio. Wasukuma watanielewa, lakini kwa wengine niseme: bibi na mjukuu wa kiume kwao ni watani. Humwita mume wangu, naye humwita mke wangu, na wana ruhusa ya kutukanana mbele za watu mpaka mgeni akimbie. Ila utani una sheria, ukichokozwa ni lazima ujibu. Nilichukua simu ya Deo mkononi mwake nikarekodi.

"Mume wangu Shija," alisema, mwiko unazunguka, "ulinioa hujui hata kufuta kamasi, nikakuvumilia. Umeniacha na kuku asiyetaga, ukaenda kuoa dhahabu. Sasa nasikia na dhahabu yenyewe imekukataa, maana hata dhahabu ina macho. Mimi bado meno yangu manne yapo, mawili juu, mawili chini, na yanakutana vizuri tu. Usipokuja naolewa hapa hapa Geita. Na mahari yangu sitaki ng'ombe. Mahari yangu bando la wiki."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga ndoo. Mimi mwenyewe nilicheka, na picha ikatikisika. Bibi alisubiri. Kisha akainama kuelekea moshi, akasema kwa sauti nyingine, ya chini, ile ambayo mtu husemea chumbani: "Shija. Kama hujapata kitu, njoo hivyo hivyo. Sikuulizi umeleta nini. Nzugu." Nzugu ni njoo, kwa Kisukuma. Akaipua ugali. Nilipomwonyesha nilichorekodi aliangalia hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hiyo sasa ipeleke. Nikamuuliza kwa nini hii na si ile picha. Alinijibu, "Mtani ukimchokoza asipojibu, ama amekasirika ama amekufa. Nataka nijue ni lipi."

Ilipaa. Sina neno jingine. Niliiweka kwenye magrupu saa ya chakula cha mchana, na jioni nilipokuwa nanunua mafuta ya taa niliisikia ikitoka kwenye simu ya muuza duka. Wateja walianza kuja kibandani si kwa nyimbo tena, wanataka ile ya bibi wa bando. Dereva wa lori aliyekwenda Kahama aliondoka nayo, mwalimu akaipeleka Mwanza, na mtu aliye mbali kabisa, huko ambako hawaujui utani wa bibi na mjukuu, aliandika kwamba ni aibu kijana kumtelekeza mke mzee hivyo, akamatwe. Tulicheka na hiyo pia. Deo alitembea kifua mbele mjini. Bibi alikuwa akiniuliza kila asubuhi imefika wapi leo, nami namtajia, Chato, Tabora, Dodoma, naye anarudia jina la kila mji taratibu kama mtu anayepokea wageni mlangoni. Zile zilikuwa siku nzuri. Nilikuwa nafunga kibanda mapema ili nimkute hajala.

Lakini kitu kinachopita mikono mingi hukwanguliwa. Bando ni ghali, klipu fupi inakwenda haraka kuliko ndefu, na mahali pa kucheka pameisha kwenye mahari. Mtu mmoja mahali fulani, sijui nani wala wapi, aliikata hapo. Wala sidhani alikuwa na nia mbaya. Ile iliyokatwa ikaizidi mbio ile nzima, na baada ya muda mfupi iliyokuwa ikirudi kwangu kutoka pande zote ilikuwa ya kukatwa tupu. Mimi niliendelea kuwawekea watu nzima. Siku moja mchimbaji mmoja, kijana mstaarabu, alirudi na memori yake akaniambia, "Dada, hii yako ina mwisho wa huzuni. Niwekee ile nyingine, hii kambini wanaikatisha." Nilimwambia hiyo ndiyo yenyewe, nyingine ni kipande. Akasema sawa, basi anaomba kipande. Nilikataa, akaenda kibanda cha jirani akapewa.

Bibi hakujua, na mimi sikuwa na haraka ya kumwambia. Alijua mwenyewe siku ya gulio. Tulikuwa tumekwenda kununua chumvi, na kijana muuza mitumba akamtambua, akapiga kelele bibi wa bando huyu hapa, akamwonyesha kwenye simu yake kwa furaha. Bibi alijitazama akichekesha. Ilipofika kwenye bando, skrini ikawa nyeusi. Alisubiri. Akamwambia kijana aendelee. Kijana akasema imeisha, Bibi. Akanigeukia akaniuliza, "Zuhula, mbona hapa nimekatika?"

Nilimweleza njiani, na sijawahi kueleza jambo gumu kama lile. Alitaka waambiwe wairudishe. Nikamwambia hakuna wa kumwambia, walio nayo ni wengi na hawajuani. Akaniuliza inawezekanaje mtu upewe salamu zilizo kamili upeleke nusu. Kwao ukimtuma mtu, hata mtoto, anayarudia maneno mbele yako kwanza ndipo anaondoka, na akifika anayasema yote, hata yale asiyoyaelewa, hata yanayomuudhi anayepelekewa, maana mjumbe hauawi. Sasa hawa watu wote wamebeba maneno yake, na wote wamefika na matusi tu. Alisimama katikati ya njia na pakiti yake ya chumvi. Akasema Shija atadhani nimemtukana kweli. Nilimwambia Shija ni mtani, anajua. Akasema ndiyo, anajua, anajua kwamba lazima ajibu, na kama hana kitu atajibu na nini.

Sikumwelewa vizuri siku ile. Nilidhani ni uzee. Kumbe mjukuu huwa hamjibu bibi yake kwa mdomo peke yake. Anajibu kwa mdomo na mkono, anamtukana huku anamfunga kitenge kipya, au anamwekea sukari mapajani, ndipo watu wanacheka na utani unakwisha salama. Mwenye mikono mitupu hana jibu. Ndiyo maana maneno ya mwisho yalikuwa hayatenganishwi na ya mwanzo. Alimchokoza, na papo hapo akamsamehe deni la kujibu.

Tulijaribu kurekebisha, mtu asiseme hatukujaribu. Bibi mwenyewe alipendekeza turekodi upya, safari hii maneno ya mwisho yawe mwanzo, wakikata wakate matusi. Deo alituambia ukweli wake, kwamba ukianza na huzuni hakuna atakayefika kwenye kicheko, lakini alirekodi, na alirekodi vizuri, na hakutaka chochote. Haikwenda popote. Walioiona waliandika bibi amezeeka, hachekeshi tena. Tukaandika maneno yale kwa herufi juu ya picha. Watu hawakusoma. Tukaweka jina la Shija na namba kila mahali penye nafasi, na hapo ndipo simu yangu ilipoanza kulia. Vijana walipiga kutoka kila kona wakisema mke wangu, mimi hapa, Shija wako, tuma nauli nije. Wengine walikuwa wanacheza tu, na marafiki zao unawasikia nyuma wakizuia kicheko. Kila simu Bibi aliipokea. Aliiweka sikioni kwa mikono miwili, akasikiliza mpaka mwisho, hata waliokuwa wakimtukana matusi yasiyo ya utani. Kisha ananirudishia na kusema, "Si yeye." Nilimwomba aniachie mimi nipokee. Alikataa, akasema je, siku akipiga atapokelewa na sauti asiyoijua?

Kuelekea mwisho wa kiangazi watu walianza kuja nyumbani. Walikuja kupiga picha na bibi wa bando. Wanafunzi, waendesha pikipiki, wanawake waliovaa sare za harusi, wanajazana kwenye geti la bati mpaka wapangaji wanalalamika. Walikuja na sukari na sabuni, siwezi kuwasema vibaya, na walimpenda kweli kwa namna yao. Walimwomba aseme ile. Na yeye aliisema. Nilimuuliza kwa nini anajichosha, akaniambia labda katika hao kuna anayetoka kambi moja na Shija. Kwa hiyo kila alfajiri alitoa kigoda, akafunga kitenge kisafi, akakaa hapo uani akiwachekesha watu wasiomhusu, na kila mara akimaliza mahari aliendelea na yale ya mwisho, njoo hivyo hivyo, nzugu, ila kelele zilikuwa nyingi na simu zilikuwa zimeshashushwa. Mimi nilikuwa namwona kutoka mlangoni kwangu. Ninapokumbuka mwaka ule, huo ndio mdomo ninaouona, unaendelea kusema watu wakiwa wameshaanza kuondoka.

Mvua za kwanza zilipogusa ardhi alisema anakwenda kulima. Watu walikuwa wamepungua, kulikuwa na kichekesho kingine, cha mbuzi aliyeingia kanisani. Nilimsaidia kufunga kiroba. Aliniachia michembe iliyobaki na kunisihi nisibadilishe namba. "Nimechekesha watu wa kutosha," aliniambia, na tukaagana kama watu watakaoonana wiki ijayo. Sikubadilisha namba. Nilikwenda kumwona Kishapu kila nilipoweza, nikiwa nimeolewa, nikiwa na mimba, nikiwa na Latifa mgongoni, na kila mara kabla sijaketi aliniangalia usoni, nami natikisa kichwa kwamba hajapiga, naye ananikaribisha chakula. Kompyuta ilikufa, simu ya Deo iliibwa, Deo mwenyewe alihamia Dar es Salaam na sijui habari zake. Ile klipu nzima haipo tena mahali popote duniani. Nimeitafuta.

Nilifika Kishapu siku ya tatu baada ya maziko. Wanawake walikuwa wanaosha sufuria nyuma ya nyumba, wanaume wamekaa kwenye magunia, na wajukuu walikuwa bado wanatania kama desturi inavyotaka, mmoja amevaa kitenge cha marehemu na kuongea kwa kubana meno. Alikuwa anamwigiza vizuri mno, nikashindwa kutazama. Kando, karibu na zizi tupu, alikaa mtu mzima mwenye mvi ndevuni, na wale wajukuu wengine kila wakipita walimtupia neno, mume mkubwa umechelewa, mkeo ameshalala. Hakuwajibu. Nilimtambua kwa vidole. Vilikuwa vimefichwa ndani ya mikono ya koti.

Alikuja mwenyewe nilipokuwa nimekaa peke yangu na sahani ya wali. Akaniamkia, akasema, dada, nimeambiwa wewe ndiye uliyemrekodi. Nikasema ndimi. Alikaa chini. Alinieleza bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujieleza mwenyewe mara nyingi. Klipu ilimfikia kiangazi kile kile, kambini, huko mbele ya Kharumwa. Walikuwa wamekaa wanakula, mtu akaifungua, wakacheka wote, na yeye akacheka nao. Hakusema ni bibi yake. Baadaye wakaanza kuulizana ni nani huyo aliyekataliwa hata na dhahabu, na ikawa ni msemo wa kambi, kila duara likitoka tupu wanasema leo tumekuwa Shija, nao hawajui kwamba Shija ameshika koleo pembeni yao. Aliapa akipata kidogo tu, hata cha kununulia kitenge, atakwenda kumjibu. Hakupata.

"Nilifika, lakini," alisema. "Kalangalala, kwenye lile geti la bati. Nilitembea na kuomba lifti. Nikakuta watu wamejaa na simu juu. Nikamwona katikati yao, amependeza, anachekesha. Nikajiangalia miguu. Nikasema nikiingia hivi, watanirekodi, na yeye nitamwaibisha." Aliivuta mikono ya koti. "Nikasema ana watu. Nikarudi."

Nilimuuliza ikiwa alimsikia hadi mwisho. Akasema alimsikia hadi kwenye bando, watu wakapiga makofi, naye akageuka. Amerudi sasa kwa sababu ile klipu imemfikia tena, na wimbo wa maombolezo. Hiyo ndiyo iliyomwambia. Kisha akaniuliza kama ni kweli, kama watu wanavyosema pale nyumbani, kwamba ilikuwa na maneno mengine.

Ningeweza kumwambia hapana. Nilimtazama na nikafikiri jinsi ilivyo rahisi, mzike bibi yako, kunywa chai, nenda. Mtu yeyote mwenye huruma angesema hapana. Lakini mimi nilitumwa. Wote waliokuwa na yale maneno walikuwa wameyaangusha njiani, na aliyenituma alikuwa amelala pale nyuma ya nyumba, na udongo bado haujatulia. Nikaweka sahani chini. Nikamwambia kama nilivyoyasikia, kwa mpangilio ule ule, na mwishoni nikasema nzugu, kwa ulimi wangu mbovu wa mjini.

Hakulia. Aliniuliza kama hayo bibi aliyasema siku nyingine, baadaye, alipokuwa amechoka kusubiri.

"Hapana," nikamwambia. "Siku ile ile. Watu walikuwa bado wanacheka."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeonyeshwa njia aliyokwisha kuipita.

"Kumbe nilikuwa nimeitwa," akasema.